Zamu ya Usiku: shajara ya kutengeneza vichekesho vya televisheni sebuleni, Nakuru

Naandika shajara hii kwa yeyote mwenye kamera moja, nyumba ya kupanga na hadithi ya kuchekesha kuhusu mtoto mchanga na kazi. Mume wangu hupiga video za harusi. Mimi ni karani wa hesabu. Tunaishi Lanet, chini ya paa la mabati, na paa hilo mtalisoma sana humu. Hatua rahisi nitazipita mbio. Palipotuumiza ndipo nitakapokaa.

4 Februari 2023: Wazo, na hesabu ya wiki 13

Nilirudi kazini Jumatatu ya tarehe 9 Januari, binti yetu akiwa na miezi mitatu kamili. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Kliniki, sawa na Shirika la Afya Duniani, wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Ukitoa mitatu kwenye sita, inabaki mitatu ambayo likizo imekwisha na titi bado linadaiwa. Miezi hiyo ndiyo hadithi yetu. Ina wiki 13, kwa hiyo vipindi 13, kila kimoja wiki moja, kuanzia asubuhi mama anaporudi ofisini hadi siku mtoto anapoonja uji.

Watu ni watatu. Mama ni karani wa Sacco. Baba ni mwoka mikate wa zamu ya usiku. Anaingia nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkewe ndiyo kwanza anatoka. Nyanya ametoka Butere kuja kuwasaidia, na biashara yake ya mitumba ameiachia jirani ambaye hamwamini sana. Kila kipindi kinaanza mlangoni: baba ana unga kwenye nyusi, mama ana kiatu kimoja mguuni, mtoto anahama mkono kwa mkono na maagizo ya siku nzima yanasemwa kwa sekunde 40. Ndoa yao yote imo hapo mlangoni, maana ndipo pekee wanapoonana wote wawili wakiwa macho.

Fedha: Sh 40,000, zamu yangu ya chama. Zilizobaki zitatoka kwenye harusi.

11 Machi: Miswada

Mitatu ya kwanza nimeitupa. Nilikuwa nimeandika nyanya mkali anayegombana na mke wa mwanawe, na nikiisoma kwa sauti nilijua kila jibu kabla ya kulifikia. Sisi tumekua na Vitimbi ya KBC, tukimcheka Mzee Ojwang' na Mama Kayai wakirushiana maneno. Nilikuwa nimeazima mdundo wao bila kujua.

Aliyeniokoa ni mama atakayeigiza nyanya. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na sote tunamwita Mwalimu. Aliweka karatasi chini akaniambia, "Mwanangu, mimi nikienda kwa binti yangu sigombani na mtu. Nashinda siku nzima nikiogopa kuvunja kitu." Basi nyanya wetu sasa anaogopa jiko la gesi, anapika kwa makaa nyuma ya nyumba kwa siri, na kila Jumatano anakaa kimya kwa sababu ni siku ya soko kwao. Anachekesha mara kumi zaidi ya yule mkali.

Kosa la pili lilikuwa urefu. Tunataka dakika 22. Usomaji wa kwanza ulichukua 41. Dawa tuliyoipata ni hii: waigizaji wasome wamesimama, kila mmoja amebeba begi la kilo sita mkononi. Sentensi yoyote ambayo mtu hawezi kuimaliza huku amebeba mzigo wa mtoto, nimeikata. Tulifika dakika 24 bila kugusa hadithi.

25 Machi: Siku ya kwanza ya kupiga, na yote imetupwa

Mambo mawili yalituangusha.

La kwanza ni taa. Mume wangu aliacha kamera kwenye fremu 30 kwa sekunde kama alivyozoea harusini, mchana, nje. Ndani, chini ya taa za dari, tulipotazama picha usiku tuliona vivuli vya mistari vinapanda ukutani polepole, kimoja baada ya kingine, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa. Stima yetu ni ya hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Taa za bei nafuu huwaka na kufifia mara mbili kwa kila pigo, na kamera ikihesabu kwa mwendo mwingine, mapigo yanaonekana. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 (kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu ya 50 ya sekunde), mistari inapotea. Haigharimu hata senti. Sisi ilitugharimu siku nzima.

La pili ni mvua. Saa tisa mchana ilianza kupiga mabati, na hakuna maikrofoni ya kubana kolani inayoweza kushindana na mabati ya Nakuru mwezi wa tatu. Tulisubiri hadi saa kumi na moja na nusu. Mwalimu alisuka nusu ya kikapu.

Gharama ya siku: waigizaji watatu kwa Sh 1,000 kila mmoja, chakula Sh 900. Jumla Sh 3,900, na hatuna hata sekunde moja ya kutumia.

22 Aprili: Kipindi cha kwanza kimekamilika

Tumehamisha kazi yote iwe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Mvua ya huku mara nyingi huja alasiri, basi tunaiachia alasiri yake. Nimenunua blanketi tisa za mitumba kwa Sh 300 kila moja: nne zimetundikwa ukutani nyuma ya kamera, mbili dirishani, tatu zimefungwa kwa kamba chini ya dari juu ya kochi. Sebule sasa haina mwangwi. Kabla ya kila onyesho tunarekodi dakika moja ya ukimya wa chumba, na ukimya huo umeokoa uhariri mara nyingi, kwa sababu jogoo wa jirani hana ratiba.

Maikrofoni tatu, Sh 2,800 kila moja. Ya mama ilikuwa ikikwaruza kila anapombeba mtoto begani. Tumeishona upande wa ndani wa leso, chini kidogo ya bega jingine, na mkwaruzo umeisha.

Kuhusu mtoto tumejiwekea sheria. Nilisoma kwamba California, kwenye viwanda vikubwa vya filamu, mtoto wa chini ya miezi sita haruhusiwi kufanya kazi mbele ya kamera zaidi ya dakika 20 kwa siku, na ndiyo maana huko nafasi moja huchukuliwa na mapacha. Sisi hatuna mapacha, ila dakika 20 tumezishika kwa saa ya ukutani, hata mwanangu mwenyewe anapokuwa ametulia na mkurugenzi anatamani tano zaidi. Mkurugenzi ni mimi. Nimekataa.

27 Mei: Mtoto amekua

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na lilikuwa mbele ya macho yangu kila siku.

Hadithi inaanza na mtoto wa miezi mitatu. Tulianza kupiga akiwa na mitano na nusu. Kwa kuwa ni mdogo wa mwili na amefunikwa shali, ilipita. Wiki kadhaa zilizopita tulipiga kipindi cha tatu ambacho ni cha wiki ya tatu. Ana meno mawili ya chini. Anakaa peke yake. Mwigizaji wa baba alipomwinamia kusema maneno yake, alimshika pua kwa mikono miwili akacheka na meno yote mawili yakaonekana. Picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga, na haitumiki. Siku nyingine ya Sh 3,900.

Nimekaa na hilo wiki nzima. Nimeamua mtoto asionekane tena. Asikike tu. Tumenunua mwanasesere wa Sh 650, tumemjaza mchanga hadi akafika kilo sita, maana mwanasesere mwepesi hubebwa kwa mikono miepesi na mzazi yeyote ataona. Anafungwa shali, uso umegeukia kifuani.

Sauti ndiyo ilitaka kazi. Kilio cha mtoto wangu sasa ni cha mtoto mkubwa. Jirani mwenye mtoto mchanga wa miezi mitatu alinikubalia niweke kinasa sauti karibu na kitanda chake kwa wiki mbili. Nilimpa Sh 2,000 na tukakubaliana jina la mtoto lisitajwe popote. Nimepata vipande 47. Nimevipanga kwa sababu ya kilio: njaa, usingizi, tumbo, kuachwa peke yake, nepi. Msidharau mpangilio huo. Kwenye jaribio la kwanza niliweka kilio chochote kilichokuwa safi, na Mwalimu akasimamisha kompyuta: "Huyo analia njaa. Mbona wanamlaza?" Nikakipeleka kwa akina mama wawili wa ploti yetu bila kuwaambia kitu; wote wawili waliuliza swali lilelile mahali palepale.

Usiku nilipokuwa nikihariri vile vya njaa, na vipokea sauti masikioni, maziwa yalishuka yakalowesha blauzi. Mtoto si wangu, na wangu alikuwa amelala chumba cha pili ameshiba. Nilizima kompyuta nikaandika onyesho hilo kama lilivyo. Liko kipindi cha nne: mama yuko kaunta ya Sacco, mteja anakuja na mtoto anayelia.

10 Juni: Leseni

Kwa ufupi. Tulienda kupiga onyesho la stendi ya matatu bila leseni, tukasimamishwa, tukarudi nyumbani. Siku nyingine imepotea, na kosa ni letu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kupiga, na kipindi kiainishwe kabla ya kuonyeshwa. Ada sitaziandika kwa kuwa hubadilika, na hazimo kwenye jumla yangu ya mwisho. Anzeni na hilo, msimalizie na hilo. Jueni pia kwamba kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku televisheni inatakiwa kuonyesha yanayofaa familia nzima. Kwetu halikuwa tatizo.

8 Julai: Jaribio la ukumbini

Kituo kidogo cha televisheni kimekubali kurusha vipindi vyote 13, Jumamosi saa moja na nusu jioni. Hawalipi, sisi tutafute mdhamini, tugawane. Walipotazama viwili vya kwanza waliomba jambo moja: tupige mbele ya watu, kwenye jukwaa, kicheko kisikike, na ofisi ya Sacco iwe kubwa kuliko nyumba.

Tulijaribu kwa moyo wote. Ukumbi Sh 6,000, viti Sh 1,500, fundi wa vipaza sauti Sh 2,000, pamoja na siku ya waigizaji. Watu walikuja, walicheka, walipiga makofi. Nyumbani tulipotazama, tulijua kabla ya dakika ya tano.

Vichekesho vyetu vinasemwa kwa kunong'ona. Mtoto amelala. Baba amelala kwa sababu alikesha kazini. Mama na nyanya wanagombana kuhusu sufuria kwa sauti ya chini kabisa, mikono ndiyo inayopiga kelele. Ukimpeleka mtu huyo jukwaani, lazima apaze sauti afike kiti cha mwisho, na akipaza sauti hakuna tena anayelala, na kama hakuna anayelala hakuna hadithi. Onyesho la mlangoni la sekunde 40 lilifika dakika mbili na nusu kwa sababu waigizaji walingoja kicheko kiishe ndipo waendelee. Haraka ndiyo iliyokuwa kicheko chenyewe.

Si kwamba ukumbi ni mbaya. I Love Lucy ilianza 1951 kwa kamera tatu za filamu mbele ya watu, ikawa mfano wa dunia nzima. Lakini ilijengwa hivyo tangu msingi. Kuna mfululizo mwingine wa Marekani uliokuwa karibu sana na wetu, Up All Night, ulioanza NBC Septemba 2011: mama anarudi kutengeneza kipindi cha mahojiano, baba ameacha uanasheria abaki na mtoto. Ulikuwa wa kamera moja. Msimu wa pili kipindi anachofanyia kazi mama kilifungwa ndani ya hadithi, akakaa nyumbani. Kisha NBC ikausimamisha ili urudi ukiwa wa kamera nyingi mbele ya watazamaji. Mtunzi wake, Emily Spivey, akaondoka. Februari 2013 Christina Applegate, aliyeigiza mama, naye akaondoka. Haukurudi. Mimi naona walipoondoa kazi waliondoa nusu ya kamba iliyokuwa ikivutwa, halafu wakataka kubadilisha nyumba huku wamo ndani.

Tumewajibu kituo kwa heshima kwamba tutabaki sebuleni. Wamekubali. Sh 13,400 zimekwenda, na sijutii kuzijua sababu.

29 Julai: Kipindi cha nne, maziwa ya saa nne

Hiki ndicho ninachokipenda. Mama anakamua maziwa kwenye stoo ya faili saa nne asubuhi. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea na ampe mama muda, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Sacco ya hadithi ina stoo, faili za mikopo iliyoshindikana na kitasa kisichofunga. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda wa kama saa nne nje ya friji. Basi yafike nyumbani kabla ya saa nane mchana, na barafu ya kwenye chupa ya chai imeyeyuka. Mwendesha boda anapewa mzigo bila kuambiwa ni nini, anaambiwa tu usitikise.

Kosa: tulitumia maziwa ya paketi. Akina mama wa ploti walikataa mara moja, ni meupe mno na hayajitengi. Maziwa ya mama yakikaa hupanda utando wa mafuta juu, na chini yanabaki na rangi ya samawati kwa mbali. Tuliyapunguza kwa maji, tukadondosha juu kijiko cha mafuta ya maziwa yaliyoenguliwa. Picha ya karibu ya chupa inachukua sekunde tatu. Tuliipiga mara kumi na moja.

26 Agosti: Stima

Vipindi vitatu vimerushwa, tarehe 5, 12 na 19. Cha nne kilitakiwa kituoni leo saa sita mchana.

Jana usiku, Ijumaa, stima ilipotea karibu nchi nzima. Kompyuta yetu ni ya mezani, haina betri. Ilikuwa ikitoa faili ya mwisho ya kipindi cha nne, imefika asilimia 71. Kwetu ilirudi leo jioni, na faili ya uhariri ikakataa kufunguka. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ya Jumatatu. Kituo kimerudia kipindi cha pili.

Tumerekebisha hivi: betri ya dharura ya Sh 7,500 inayotupa dakika 20 za kuhifadhi na kuzima, diski ya pili ya Sh 8,500 inayokaa chumba kingine, kila saa moja nakala mpya yenye namba yake, bila kuandika juu ya ile ya jana. Na kipindi kinakwenda kituoni Jumatano. Siku tatu za nafasi. Hilo la mwisho halikugharimu kitu na ndilo lingetuokoa.

16 Septemba: Wametuondoa

Cha nne kilirushwa tarehe 2, cha tano tarehe 9. Jumatano tuliletewa ujumbe kwa simu kwamba nafasi yetu imepewa kipindi kingine chenye mdhamini. Sisi tulikuwa na mmoja tu, muuza nguo za watoto, aliyelipa Sh 4,000 kwa kila kipindi kwa vipindi viwili.

Nililia, naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Hadithi imekatika wiki ya tano. Mtoto hajaonja uji, nyanya hajarudi Butere, baba bado hajaambiwa kwamba bosi amempa zamu ya mchana kisha akambadilishia mawazo. Mwalimu alipiga simu kuuliza kesho kuna kazi au hakuna. Nikamwambia Mwalimu, kipo cha sita, tumeshakipiga nusu. Akasema, "Basi nakuja na kikapu changu."

14 Oktoba: Kipindi cha sita, na hesabu

Tumekimaliza. Juzi binti yetu alitimiza mwaka, na leo jioni tumekodi projekta kwa Sh 2,500, tukaonyesha vyote sita kwenye ukuta wa ploti, watu wameketi juu ya zile blanketi.

Hesabu, bila leseni: siku 14 za waigizaji Sh 42,000, chakula Sh 12,600, maikrofoni Sh 8,400, blanketi Sh 2,700, mwanasesere Sh 650, mama wa vilio Sh 2,000, ukumbi na vyake Sh 9,500, diski Sh 8,500, betri Sh 7,500, projekta Sh 2,500. Jumla Sh 96,350. Mdhamini alitoa Sh 8,000. Siku nne zilizopotea pamoja na ukumbi ni Sh 25,100, zaidi ya robo ya fedha zote. Anayeanza sasa akisoma hadi hapa anaweza kubaki nazo.

Miswada ya wiki ya saba hadi ya 13 ipo, imesomwa na begi mkononi. Tukipata fedha tutaanza na vilio, kisha leseni, kisha mengine, na tutapiga vyote saba ndani ya wiki nne.

Kwenye onyesho la mlangoni la kipindi cha sita hakuna anayesema neno, maagizo yote yamekuwa mazoea. Kiatu, unga, mtoto, mlango. Ukutani lilichukua sekunde 18. Muuguzi wa nyumba namba nne hakulifikia. Alitakiwa kazini saa moja na nusu usiku, akampa mumewe mtoto palepale kwenye blanketi akakimbilia matatu. Tumemwekea kwenye simu.